Skonzi za mtindi zilifikaje Uluguru?



Juzi nilikuwa Mgeta. Mama mmoja mwenye mbuzi wa maziwa akaniuliza: "Bwana shamba, mtindi ukifika siku ya tatu hakuna anayenunua. Niumwage?" Nikamwambia asimwage, aoke skonzi. Jirani yake akacheka, akasema hicho ni chakula cha wazungu.

Nusu ni kweli. Jina tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Waskoti. Wamarekani hukiita biskuti. Lakini bibi zao walianza kumimina mtindi kwenye unga kwa sababu ileile ya mama wa Mgeta: siagi imeshatolewa, mtindi umebaki, na kuutupa ni hasara.

Mtindi wenyewe sisi tunao tangu zamani, ila si mlimani. Miteremko ya Uluguru haifai makundi ya ng'ombe, na huko chini kuna sehemu zenye mbung'o. Mluguru alifuga mbuzi na kuku. Maziwa yalikuwa ya tambarare, kwa Waparakuyo na Wamasai wa Mvomero na Kilosa. Akina mama wao huleta maziwa gulioni, hurudi na mahindi. Kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto, ndiyo maana maziwa yananukia moshi. Yakishaganda husukwasukwa mpaka siagi ijitenge, na kinachobaki ndicho mtindi hasa. Siku hizi maziwa yoyote ya mgando tunayaita mtindi, nayo yanafaa kwa skonzi. Ujirani huu umewahi kuingia damu, kama Kilosa mwaka 2000, kwa hiyo mimi kibuyu cha maziwa gulioni sikioni kitu kidogo.

Ngano ina njia yake. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, bidhaa za pwani zikapata njia nyepesi ya kuja huku. Baadaye nchi ikalima ngano yake, mashamba makubwa yakiwa Basotu, Hanang.

Maziwa yalipanda mlima kweli mwishoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Sokoine kilipopeleka Mgeta mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei. Ndipo mtindi ukaanza kubaki jikoni kwa Mluguru.

Sasa kazi. Unga nusu kilo, chumvi kijiko kimoja cha chai, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, siagi robo kikombe au zaidi kidogo. Fikicha siagi kwenye unga, mimina mtindi kikombe kimoja na nusu, changanya haraka. Usikande kama chapati, zitakuwa ngumu. Uchachu wa mtindi ukikutana na soda hutoa hewa inayoumua, kwa hiyo donge lisikae, kata uoke mara moja. Huna ovena? Sufuria yenye mfuniko inatosha: makaa machache chini, mengi juu, dakika 15 hadi 20.

Tafadhali, magadi ya kuchemshia maharage si bekingi soda. Skonzi zitakuwa na ladha ya sabuni na mteja harudi. Na mtindi wenye ukungu au harufu mbaya usiupikie, huo kweli mwaga.

Yule mama ameahidi kujaribu siku ya gulio. Jirani yake naye kasema atakuja kuonja, bure.