Kuvisoma Vitabu vya Maisha ya Viongozi Wetu wa Kwanza

Ndugu msomaji, katika maktaba nyingi za shule pana rafu moja ambayo vitabu vyake havichakai. Humo hukaa vitabu vya maisha ya viongozi walioipigania nchi yetu hata ikapata uhuru. Wanafunzi huipita rafu hiyo wakidhani kwamba yaliyomo wamekwisha kuyajua: kiongozi alizaliwa, akasoma, akafungwa, akashinda. Nakuomba leo uvitwae vitatu, uviweke juu ya meza moja. Cha kwanza ni Freedom and After cha Tom Mboya, kilichopigwa chapa mwaka 1963. Cha pili ni Not Yet Uhuru cha Jaramogi Oginga Odinga, cha mwaka 1967. Cha tatu ni Suffering Without Bitterness, kilichotoka mwaka 1968 kwa jina la Mzee Jomo Kenyatta. Wenye vitabu hivyo walikuwa viongozi wa chama kimoja, KANU, na mwaka 1962 wote watatu walikuwako London katika mashauri ya katiba na serikali ya Uingereza. Lakini ukivisoma kwa kufuatana, utadhani kila mmoja alikuwa na Kenya yake peke yake.

Jambo hilo lisikuvunje moyo. Mtu aandikaye habari za maisha yake ni shahidi aliyejileta barazani mwenyewe, wala ushahidi haupimwi mpaka ijulikane umetolewa lini, na mtoaji ana daawa na nani. Basi kabla ya kufungua sura ya kwanza, tazama mwaka. Mboya aliandika wakati uhuru ulipokuwa mlangoni, naye hajatimiza miaka 35. Kitabu chake kimejaa mipango: vyama vya wafanyakazi, vijana waliosafirishwa kwa ndege kwenda kusoma Marekani mwaka 1959, serikali mpya na kazi zake. Hakiwezi kuwa na kivuli cha tarehe 5 Julai 1969, siku alipouawa kwa risasi Nairobi mchana. Sisi twaijua siku ile; yeye hakuijua. Ukimsoma huku unaifikiri mno, utamsikia akiaga pale anapokaribisha wageni.

Odinga aliandika katika hali nyingine kabisa. Mwezi wa Aprili 1966 alijiuzulu cheo cha makamu wa rais, akatoka KANU, akaongoza chama kipya cha KPU. Mwaka uliofuata kitabu kikatoka, na jina lake lasema wazi kwamba uhuru bado. Kwa hiyo husomi maneno ya mzee aliyepumzika kibarazani. Unasoma maneno ya mtu aliye katikati ya mashindano. Hata hivyo, usifanye haraka kusema kwamba mwenye ugomvi hasemi kweli. Mwezi wa Juni 1958 Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria, akatamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa walikuwa bado viongozi mioyoni mwa watu. Wakati ule kumsifu Kenyatta mbele ya wakoloni lilikuwa jambo la hatari. Makelele yalizuka, na hata baadhi ya Waafrika wenzake walijitenga naye. Neno lile lilisemwa hadharani mbele ya watu wengi, na kuachana kwao mwaka 1966 hakulifuti.

Kitabu cha Mzee Kenyatta kina ajabu yake. Jina lililo juu ya jalada ni lake, lakini ndani msimulizi humtaja Kenyatta kama mtu wa pembeni, asiseme “mimi”. Wasaidizi walikuwa na mkono katika kazi ile, na hotuba nyingi zimetiwa humo. Ni sauti ya rais kuliko ya mtu, nami nakiri kwamba kurasa nyingine hunichosha. Ila ufikapo habari za kesi ya Kapenguria, soma polepole. Kenyatta alikamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, akashtakiwa pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba kwamba wanaongoza Mau Mau. Mahakama ilikaa katika darasa la shule. Mwezi wa Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu. Yeye alishikilia kwamba hana hatia, na mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa serikali, alikiri kwamba alisema uongo. Hapo maneno ya mshtakiwa yalipata nguvu kutoka nje yake. Kisha utafute Roots of Freedom, kitabu cha Kaggia cha mwaka 1975. Kaggia alisimama katika darasa lile lile, lakini habari za kiapo azungumza bila kificho. Watu wawili walihukumiwa kwa kosa moja. Wa kwanza alitawala nchi, na wa pili alitoka serikalini kwa kuwatetea wasio na ardhi. Utaona jinsi njia za baadaye zinavyogeuza hata namna ya kuikumbuka kesi.

Mimi hupenda zaidi kurasa za ujana, maana huko mwandishi hana mengi ya kutetea. Hapo utamwona Kenyatta akisoma mita za maji kwa ajili ya baraza la mji wa Nairobi, na Odinga, mwalimu wa hesabu huko Maseno, akishindana na wamisheni kwa sababu ataka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Ubishi ule mdogo wa kanisani wamweleza Odinga kuliko sura nzima ya siasa.

Angalia pia wasiotajwa. Katika vitabu hivi wanawake ni wachache mno, kana kwamba uhuru uliletwa na wanaume peke yao. Wambui Otieno, aliyekuwa katika mapambano yale tangu ujana wake, alitoa kitabu chake Mau Mau's Daughter mwaka 1998, yaani miaka 35 baada ya uhuru.

Sasa virudie vile vya Odinga na Kenyatta, uvisome ukikumbuka tarehe 25 Oktoba 1969. Siku ile Mzee alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, msaada ambao Jaramogi ndiye aliyeutafuta. Wakakutana mbele ya umati, wakajibizana kwa maneno makali, ghasia ikazuka, walinzi wakapiga risasi na watu wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akatiwa kizuizini na yule ambaye miaka 11 nyuma alimtetea alipokuwa kifungoni. Vitabu vyao vyote viwili vilikuwa vimekwisha kupigwa chapa.