Mzio wa chakula: Jinsi ubora wa maisha ya mtoto unavyopimwa

MTOTO mwenye mzio wa karanga anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuvimba midomo, bila kutapika na bila kulazwa hospitalini. Katika rekodi za daktari, mwaka huo utahesabiwa kuwa wa heri. Hata hivyo, huenda ndio mwaka ambao hakuhudhuria sherehe hata moja ya wenzake, alikula chakula cha mchana peke yake, na mamaye hakupata usingizi kila shule ilipopanga safari.

Ni pengo hilo kati ya rekodi na maisha ambalo limewafanya watafiti kubuni hojaji maalum za kupima ubora wa maisha ya watoto wa aina hii.

Mzio wa chakula, au aleji kama wengi wanavyouita, hutokea pale kinga ya mwili inapokosea na kukichukulia chakula cha kawaida kana kwamba ni adui. Vyakula vinavyolaumiwa mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, samaki, ngano, soya na ufuta. Athari zaweza kuwa vipele tu, au mshtuko mkali unaoziba pumzi na kuhitaji sindano ya adrenalini mara moja. Kwa kuwa kinga kuu ni kukiepuka chakula chenyewe, ugonjwa huu humwandama mtoto hata siku asizougua.

Mwaka wa 2003, watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya uchunguzi mdogo lakini wenye kufikirisha. Waliwalinganisha watoto 20 wenye mzio wa karanga na wengine 20 wenye kisukari cha kutegemea insulini. Mbali na kujibu maswali, watoto hao walipewa kamera wapige picha za mambo yaliyogusa maisha yao kwa muda wa saa 24. Wengi wangedhani kwamba anayedungwa sindano kila siku ndiye mwenye maisha magumu zaidi. Ikawa kinyume: wenye mzio ndio waliokuwa na hofu kubwa zaidi, hasa walipokula mbali na nyumbani. Wengi wao walijihisi salama walipokuwa wamebeba dawa yao ya dharura.

Hojaji za kawaida za afya haziwezi kunasa hofu ya namna hii. Huuliza kuhusu maumivu, kutembea au kupanda ngazi, ilhali mtoto mwenye mzio hukimbia na kucheza kama wengine. Mwaka wa 2004 ilichapishwa nchini Marekani hojaji yenye maswali 17 ya kupima mzigo unaowaelemea wazazi. Kisha, chini ya mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa EuroPrevall, makundi mawili yalifanya kazi kubwa zaidi. Katika Chuo Kikuu cha Cork, Ireland, iliandaliwa hojaji ya wazazi wa watoto wa hadi miaka 12, iliyochapishwa mwaka wa 2008. Huko Groningen, Uholanzi, zilitungwa za kujibiwa na watoto wenyewe wa miaka 8 hadi 12, vijana wa miaka 13 hadi 17, na watu wazima.

Maswali hayo hayakutungwa na madaktari wakiwa wamejifungia ofisini. Wenye mzio na familia zao waliulizwa kwanza ni mambo gani huwasumbua, na yale yaliyotajwa kuwa mazito ndiyo yaliyobakizwa. Mtoto huulizwa, kwa mfano, anavyosumbuliwa na kukataa chakula anachopewa, au na wasiwasi wa kula kitu kibaya kwa bahati mbaya. Katika hojaji za Groningen majibu hupewa alama 1 hadi 7, na wastani ndio hutumika. Msomaji asichanganye na mtihani wa shule: hapa alama ya juu ni habari mbaya. Tofauti ya takriban nusu alama huchukuliwa kuwa badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe ataliona.

Suala gumu ni nani ajibu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kujieleza, hivyo mzazi humsemea. Lakini anapokua, jibu la mama na la mtoto halilingani kila mara, kwani mzazi huogopa kifo naye kijana huenda anachukia zaidi kuonekana tofauti na marika yake. Kwa maoni yetu, penye mtoto anayeweza kujibu, aulizwe yeye kwanza.

Umuhimu wa vipimo hivi ulidhihirika mwaka wa 2019, jarida la The Lancet lilipochapisha tathmini ya majaribio 12 ya tiba ya kumzoesha mgonjwa karanga kwa kumlisha vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole. Kliniki, waliotibiwa waliweza kustahimili karanga nyingi zaidi. Lakini katika maisha ya kila siku walipatwa na mshtuko mkali takriban mara tatu zaidi ya wasiotibiwa, na ubora wa maisha yao haukuonekana kuwa bora. Mjadala kuhusu tiba hiyo ungali unaendelea.

Wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu watazame Afrika Kusini. Utafiti miongoni mwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ulipata mzio wa chakula kwa asilimia 2.5 mjini Cape Town, na asilimia 0.5 katika eneo la mashambani la Mqanduli.

Kuzileta hojaji hizi kwetu si suala la kutafsiri neno kwa neno. Swali kuhusu kusoma maandishi kwenye pakiti lina maana gani kwa mtoto ambaye chakula chake hutoka sufuria moja na cha wengine, au anayelishwa kwa jirani mama akiwa kazini? Utaratibu unaokubalika ni tafsiri irudishwe katika lugha ya awali na mtu mwingine, zilinganishwe, kisha watoto waulizwe walivyoelewa kila swali.