Kwanza Chakula, Kisha Samaki: Habari za Ziwa la Nakuru

Msomaji, mtu akinunua samaki wa bahari na kumweka nyumbani katika chombo cha kioo, amejitwika deni. Samaki yule alipokuwa miambani alijitafutia riziki mwenyewe. Sasa hawezi kwenda popote, na asipopewa kinachomfaa atakufa njaa mbele ya macho ya mfugaji wake. Tena riziki za samaki hazifanani. Wako wanaokula mwani, wako wanaokula wadudu wa majini, na wako wale waitwao vipepeo, ambao baadhi yao hudonoa matumbawe yaliyo hai. Hao huweza kukonda na kufa ilhali wamezungukwa na vyakula vya kila namna. Na chakula kikizidi haja, kinachobaki huoza, nao uozo huyanyang'anya maji hewa safi na kuyatia sumu. Ndiyo sababu mfugaji mwenye busara hushika kanuni tatu: ajue samaki anakula nini, ampe kwa kiasi, na akumbuke kwamba katika chombo kilichofungwa makombo hayana pa kwenda.

Huenda ukauliza, mambo hayo yanalihusu nini Bonde la Ufa, lililo mbali na bahari? Yanalihusu sana. Bonde hilo lina vyombo vyake vya maji ya chumvi, vilivyofinyangwa na nguvu za ardhi. Kimojawapo ni Ziwa la Nakuru, lililoko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia humo, lakini hakuna mto hata mmoja utokao. Maji huondoka kwa kuwa mvuke tu, yakiacha chumvi na magadi nyuma yake. Basi ziwa hilo ni mfano wa chombo cha kioo kilichokuzwa, na yaliyotendeka humo katika karne ya ishirini yatufunza kanuni zile tatu kwa kipimo kikubwa.

Hapo kale ziwa hili halikuwa na samaki. Magadi yake yalikuwa makali mno kwa samaki wa mito ya jirani. Hata hivyo halikuwa tupu. Maji yake yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mboga kwa sababu ya kimelea kidogo sana cha majini kiitwacho spirulina, ambacho hustawi katika magadi na joto. Heroe wadogo walikichuja kwa midomo yao iliyopinda, wakaja kwa maelfu na maelfu, hata ufuo ukaonekana kama umetandikwa nguo ya waridi. Chakula kilikuwapo tele. Aliyekosekana ni samaki wa kukila.

Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walimleta samaki huyo. Walimtoa katika Ziwa Magadi, kusini mwa bonde, ambako chemchemi za moto hutiririka katika maji makali kabisa. Ni perege mdogo, asiyezidi kiganja cha mkono, naye amezoea joto na magadi ambayo yangewaua samaki wengi mara moja. Nia ya walioleta ilikuwa njema: walitaka ale viluwiluwi vya mbu, watu wapungukiwe na malaria. Lakini samaki hakusoma maandishi ya waliomtuma! Alipofika Nakuru alikuta karamu ya spirulina imekwisha kuandaliwa, akaifanya kuwa chakula chake kikuu. Akazaana upesi, akalijaza ziwa.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba anayemlisha samaki huwalisha na wengine asiowatazamia. Ndege walao samaki, ambao zamani hawakuwa na haja ya kukaa Nakuru, sasa walikuwa na sababu ya kuja: vibisi, minandi, korongo, tai wa majini, na zaidi ya wote mwari mweupe. Ndege huyu mkubwa huweza kumaliza kilo nzima ya samaki kwa siku. Mwaka 1968 mwari walianza kuzaa katika visiwa vya miamba vya Ziwa Elmenteita, lakini huko samaki hawakutosha. Basi kila siku waliruka hadi Nakuru kuvua, wakarudi kuwalisha makinda yao. Kwa namna hiyo perege mmoja wa Magadi aliyaunganisha maziwa matatu. Na mwaka huo huo Nakuru ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa, sifa yake ikienea kwa ajili ya ndege zake.

Lakini usidhani kwamba karamu haina mwisho. Mwaka 1974 spirulina ilipungua ghafula katika Ziwa la Nakuru, na vijimea vingine vidogo zaidi vikashika nafasi yake. Heroe hawakuweza kuvichuja vyema, wakahamia maziwa mengine. Ndege ana mabawa, samaki hana. Hili ndilo tofauti kubwa kati ya mgeni na mfungwa.

Sasa tutazame jirani, Ziwa Naivasha, ambalo maji yake ni baridi na hayana magadi makali. Huko nako watu waliingiza wageni: perege kutoka Mto Athi mwaka 1925, kisha mwaka 1929 samaki mwindaji kutoka Marekani aitwaye besi, kwa ajili ya mchezo wa uvuvi. Ziwa lilikuwa na samaki mmoja tu mdogo wa asili. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi, nao kutoka Marekani. Kamba wale walikuwa na njaa kubwa, wakaitafuna mimea ya majini hata mayungiyungi yakatoweka sehemu nyingi. Kisha besi nao wakawala kamba. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naivasha mgeni alikuja, akashiba, mwenyeji hakupona.

Imebaki kanuni ya tatu, ya makombo. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na kituo kidogo kikawa mji. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu walipoongezeka, maji machafu ya nyumba, viwanda na mashamba yaliongezeka pia, na bondeni mwake ziwa halina mlango wa kuyatoa. Kinachoingia hubaki. Katika miaka ya 1990 heroe wengi walikufa Nakuru na Bogoria, na wataalamu walipowachunguza walizitaja sumu za vimelea vya majini, madini mazito na maradhi. Baada ya mwaka 2010 mvua zikalijaza ziwa, likapanuka hata kupita kilomita za mraba 60. Magadi yakafifia, spirulina ikapungua, heroe wengi wakahama. Samaki wa aina nyingine, miongoni mwao perege wa Nile, wakapata makao. Wako watu waliowavua kwa siri na kuwauza, nao wakuu wakaonya kwamba samaki waliolishwa makombo ya jiji huenda wakamdhuru mlaji.

Basi, msomaji, ukipata siku moja kusimamia chombo cha kioo, au bwawa la shule, au ofisi yenye mamlaka juu ya ziwa zima, usianze kwa kuuliza: samaki gani anapendeza? Uliza kwanza: atakula nini, nani atamla yeye, na mabaki yatakwenda wapi? Perege wa Magadi alifaulu Nakuru kwa kuwa chakula chake kilimtangulia. Samaki wa Naivasha alipotea kwa kuwa hakuna aliyeuliza kwa niaba yake. Maswali hayo hayana gharama yakiulizwa mapema. Yakichelewa, huulizwa juu ya mizoga.