Mkonga wa Baba

Fundi alichungulia chini ya gari, akapitisha kidole kwenye ekseli ya mbele, kisha akanionyesha grisi iliyochanganyika na oili, nyeusi kama uji wa ulezi ulioungua.

"Dada, hii ndo unaipeleka Mtwara?"

Nikamwambia ndiyo, mwisho wa mwezi. Akafuta kidole kwenye ovaroli.

"Uza. Chukua Noah."

Hakuwa wa kwanza kuniambia hivyo. Toka nipate kazi Mtwara, kila mtu hapa Mwanza amekuwa mshauri wangu wa magari. Ni safari ya kama kilomita 1,700: Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Dar, halafu kusini mpaka Lindi na kuendelea. Gari ninalotaka kuhamia nalo ni Land Cruiser ya miaka ya tisini mwanzoni, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa. Ni la baba. Macho yake hayamruhusu kuendesha tena, na amenipa ufunguo bila sherehe yoyote, kama mtu anayekupa kiberiti.

Nilikaa gereji pale Nyakato siku nne, kwenye benchi la mbao, nikiandika makala za kazini kwa simu. Siku ya pili nikaanza kuandika hii.

Baba alijifunzia udereva kwenye Land Rover. Kizazi chake chote kilijifunzia humo. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Baba hajali habari za Amsterdam. Anachojua ni kwamba bodi haikuoza, ila ekseli za nyuma zilikatika, na dereva mwenye akili alisafiri na ya akiba. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, serikali ilichukua magari ya raia, malori na mabasi, kupeleka watu na mizigo mbele. Baada ya vita nchi ikaishiwa. Vijana wa leo ukiwaambia kuna wakati magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta, wanadhani unatunga. Fedha za kigeni hazikuwepo, na bila fedha za kigeni hakuna spea. Fundi wa miaka ile alikuwa mhunzi: alichonga mwenyewe kile ambacho duka halina.

Toyota nao walikuwa wameanza mapema. Gari lao la kwanza la namna hii lilitoka 1951, jina Land Cruiser likaja 1954. Lakini huu mkonga, familia ya 70, ulianza 1984, na injini iliyoupa heshima, 1HZ, ilifika 1990: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina taabo, haina kompyuta. Nozeli na pampu yake fundi wa kijijini anaweza kuzielewa kwa kusikiliza tu. Ukiuliza kwa nini kanda ya ziwa imejaa magari haya ya umri mmoja, utaambiwa ni imara. Kweli. Ila uimara hauelezi yalifikaje.

Yaliletwa na shida zetu. Kuanzia 1985 mpaka 2002, mradi wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden, ulikuwa ukichimba visima na kujenga vyoo katika mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera. Kati ya 1991 na 1994, watafiti walizunguka vijiji vya Mwanza wakipima kama kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi mapya ya Ukimwi. Majibu yalichapwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 1995: maambukizi yalipungua kwa takriban asilimia 40. Utafiti huo unanukuliwa dunia nzima, na wengi wetu tuliozaliwa hapa hatujawahi kuusikia. Halafu ikaja Aprili 1994, ambapo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa saa 24 hivi. Mashirika yakamiminika.

Kazi zote hizo zilihitaji gari la kufika kusikofikika. Miradi ilipofungwa, wazungu walipanda ndege na magari yakapanda mnadani. Nadhani ndiyo maana mkonga wa Mwanza, ukiukwangua rangi yoyote uliyopakwa, chini yake mara nyingi utakuta nyeupe.

La baba ni nyeupe mpaka leo. Aliliendesha kwa miaka akiwa dereva wa mradi mmoja wa afya, na mradi ulipokwisha akalinunua mnadani kwa kiinua mgongo chake chote. Mama hakuongea naye wiki mbili. Alitaka nyumba ya biashara Igoma, na akikumbushwa mpaka leo anasema alikuwa sahihi.

Sasa turudi chini ya gari. Ile grisi nyeusi ilimaanisha kwamba sili za kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele zimekwisha, oili ya ekseli inavuja inaingia kwenye grisi, na beringi zinaelekea kufa. Hilo halina mjadala, unafungua pande zote mbili. Mkanda wa taimingi nao hauna mjadala. Hakuna aliyekumbuka ulibadilishwa lini, na mkanda ukikatika njiani vali zinagonga pistoni, basi umenunua injini nyingine. Nikabadilisha pamoja na wota pampu. Bushi za springi, shokapu nne, mipira yote ya maji. Pesa zikawa zinaisha kwa adabu, moja moja.

Ugomvi ulikuwa kwenye themostati. Haikuwepo. Kuna fundi aliwahi kuitoa, kama mafundi wetu wengi wanavyofanya, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, ya nini kitu cha kuzuia maji yasiende kwenye rejeta? Fundi wangu naye alikuwa wa imani hiyohiyo. Nilikuwa nimesoma usiku kucha, nikamweleza kwamba kwenye injini hii kifaa hicho kinafanya kazi mbili: kinazuia maji mpaka injini ipate moto wake, kisha kikifunguka kinaziba njia ya mkato. Ukikitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Mjini hutaona kitu. Utaona kwenye mlima Sekenke, kati ya Igunga na Singida, ukiwa na kabati na magodoro nyuma.

"Hayo umesoma kwenye simu," akasema.

Nikampigia baba, nikaweka spika. Baba alinyamaza kidogo. "Mwambie airudishe. Mimi niliitoa mwenyewe mwaka wa shida, haikupatikana nyingine. Haikuwa utaalamu, ilikuwa umaskini." Fundi akacheka sana. Iliwekwa.

Kilichobaki kilikuwa starehe. Mkonga wa mradi una mabenchi mawili marefu nyuma, abiria wanakaa ubavu, wanatazamana kama wako kikaoni. Nina mtoto wa miaka sita. Nilitaka viti vinavyotazama mbele, vyenye mikanda. Kijana wa gereji alipoinua benchi la kushoto, chini yake, kwenye mfuko wa nailoni uliokakamaa, kulikuwa na daftari la safari, lile ambalo kila dereva wa mradi alijaza: tarehe, kutoka, kwenda, kilomita, kazi, sahihi. Mwandiko wa baba, wima, kama wa mwalimu.

Kwa mwandishi wa habari hiyo ni dhahabu. Niliacha makala ya kazini nikasoma palepale. Mwanza–Magu–Mwanza, sampuli. Mwanza–Ngudu, semina. Kigongo, tumesubiri pantoni toka saa tano, tumelala Busisi. Hayo ya pantoni yanajirudia mpaka unachoka. Nikafika Mei 1996.

Tarehe 21, Jumanne. Bandarini–Igoma. Bandarini–Igoma. Bandarini–Igoma. Tarehe 22 vivyo hivyo. Wiki nzima na zaidi. Sehemu ya kilomita haikujazwa. Sehemu ya kazi haikujazwa.

Kwa msomaji asiye wa huku: alfajiri ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, ikitoka Bukoba na Kemondo, ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Walikufa zaidi ya watu 800. Wengi walizikwa Igoma, kwenye makaburi yaliyoandaliwa kwa ajili yao.

Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka baba akiosha gari usiku, milango ya nyuma wazi, taa ya chemli chini. Nilidhani ni tope. Miaka yote tumekwenda sokoni, kanisani, harusini, tumekaa kwenye mabenchi yale tukila miwa, na hajawahi kusema neno.

Nikamwambia fundi asimamishe kazi ya viti. Jioni nilimpelekea baba daftari. Alilishika karibu na uso, akafunua, akafunga. Nilitaka kumuuliza mengi, ndiyo kazi yangu kuuliza watu. Nikauliza kuhusu mabenchi tu: niyaache?

"Yatoe," akasema. "Mtoto atakaaje ubavu mpaka Mtwara? Atatapika."

Baadaye sana, mama akiwa ameshaingia ndani, akaongeza kwamba siku zile hawakuulizana nani amekutuma. Ukiwa na gari la mlango mpana nyuma, unakwenda bandarini. Hakusema zaidi.

Watu bado wananiambia njia ni lami tupu, mkonga wa nini. Zamani aliyetaka kwenda Dar kwa basi kutoka hapa alipitia Nairobi, na hati ya kusafiria mkononi, kwa ubovu wa barabara ya kati. Leo ni lami, sikatai. Lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi, na malori yakalala foleni. Nitakwenda na mkonga.

Jumamosi tulilijaribu. Baba alikaa mbele, mwanangu nyuma kwenye kiti chake kipya. Tukaelekea Kigongo, ambako tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 badala ya pantoni. Nilikanyaga mafuta kidogo. Katikati ya maji baba hakutazama ziwa. Alikuwa ameinamia dashibodi, ananiuliza mshale wa joto uko wapi. Nikamwambia katikati. Akaitikia kwa kichwa.

Tulipogeuza Busisi aliomba kalamu. Akafungua daftari kwenye ukurasa mweupe, akaandika kwa kupapasa, mistari ikipanda: Mwanza–Busisi–Mwanza. Akaniuliza kilomita, nikamsomea. Kwenye kazi akaandika: kujaribu gari. Kisha akanisogezea.

"Anayesaini ni dereva."