Mtahini Asiyemjua Mtahiniwa: Mitihani ya Mbali Katika Historia ya Vyuo Vikuu

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba tunawakumbusha Wakristo wetu habari za zile hoja 95. Ni mara chache sana tunapowasomea utangulizi wake, ingawa ni mfupi mno. Humo Dk. Martin Luther anatangaza kwamba hoja hizo zitajadiliwa Wittenberg chini ya uenyekiti wake, kisha anawaomba wale wasioweza kufika na kujadiliana kwa mdomo wafanye hivyo kwa barua. Mdahalo wenyewe haukufanyika kamwe. Karatasi ndizo zilizosafiri, na wachapaji wakafanya kazi iliyobaki.

Tumeanza na jambo hili kwa sababu liko swali linalovisumbua vyuo vyetu tangu mwaka 2020, nalo huzungumzwa kana kwamba limeletwa na kompyuta: je, mwanafunzi aweza kutahiniwa akiwa mbali, pasipo chumba cha mtihani wala msimamizi? Kwa maoni yetu swali hili ni la zamani. Wengi wanaolijibu kwa haraka, wawe wanakubali au wanakataa, hawajauliza kwanza chumba cha mtihani chenyewe kilitoka wapi.

Katika Wittenberg ya siku zile shahada ya theolojia haikupatikana kwa kujifungia na karatasi ya maswali. Ilipatikana kwa mdahalo. Tarehe 4 Septemba 1517, majuma manane kabla ya siku ile tunayoiadhimisha, mwanafunzi aitwaye Franz Günther alisimama mbele ya walimu wa kitivo akitafuta shahada ya kwanza katika Maandiko Matakatifu. Alitetea hoja 97 dhidi ya theolojia ya wanaskolastiki, naye alipewa shahada yake. Lakini hoja alizozitetea hazikuwa zake. Aliyeziandika ni mwalimu wake, Luther, na hakuna aliyeona kuwa huo ni udanganyifu, maana ilikuwa desturi ya vyuo kwamba mwalimu aandike na mwanafunzi atetee. Kilichopimwa hakikuwa nani ameshika kalamu, bali kama mtu huyu aweza kusimama juu ya maneno haya anapopingwa kutoka kulia na kutoka kushoto. Desturi hiyo ilififia Wittenberg katika miaka ya 1520, ikafufuliwa kwa kanuni mpya mwaka 1533, na Luther aliendelea kuwaandikia watahiniwa hoja katika miaka yake ya uzee.

Msomaji asidhani tunausifu mdahalo kupita kiasi. Uliendeshwa kwa Kilatini, mbele ya watu waliomjua mtahiniwa, baba yake na mfadhili wake. Mwenye ulimi mwepesi alipendelewa kuliko mwenye fikra nzito, na mwalimu aliyeketi kitini alikuwa na rafiki zake na adui zake. Wachina walikwisha kuligundua tatizo hili zamani. Katika mitihani ya kuwapata watumishi wa serikali, wakati wa nasaba ya Song, jina la mtahiniwa lilifunikwa, na karatasi yake ikanakiliwa upya na makarani, ili mtahini asiutambue hata mwandiko. Mitihani ya kifalme ya China ilidumu hadi mwaka 1905. Ulaya nayo ilikwenda polepole kuelekea karatasi. Wajesuiti waliweka kanuni za mtihani wa kuandika katika mwongozo wao wa masomo wa mwaka 1599, na katika chuo kikuu cha Cambridge mtihani wa kuandika wa hisabati uliumeza mdahalo wa Kilatini kidogo kidogo katika karne ya 18.

Hata hivyo mtihani tuliourithi sisi wa Afrika Mashariki haukutoka Cambridge moja kwa moja. Ulitoka London, na hapa inatupasa kukaa kidogo.

Chuo Kikuu cha London kilipopewa hati ya kifalme mwaka 1836 hakikuwa na darasa hata moja. Kazi yake ilikuwa kutahini na kutoa shahada, ilhali mafundisho yalifanywa na vyuo vingine vilivyoidhinishwa. Hati ya mwaka 1858 ilikwenda mbali zaidi: isipokuwa kwa masomo ya utabibu, mtu yeyote aliyelipa ada na kutimiza masharti aliruhusiwa kufanya mtihani, awe amesoma chuoni au kwa taa ya usiku nyumbani kwake. Katika miaka ya 1860 karatasi za maswali zilianza kuvuka bahari, zikafika hata Mauritius. Mwaka 1878 wanawake nao walifunguliwa mlango wa shahada, jambo ambalo vyuo vya kale vya Uingereza viliendelea kuwanyima kwa muda mrefu.

Tazama basi kilichotokea. Mwalimu ametengwa na mtahini. Mtahini hajapata kumwona mwanafunzi, hamjui, wala hatamwona. Ndiyo maana bahasha hufungwa kwa lakiri, saa hutazamwa, meza hutengwa, na msimamizi hutembea kati ya safu akiwa kimya. Vitu hivi vyote tulivyozoea kuviita mtihani wa kawaida ni dawa ya umbali. Chumba cha mtihani, kwa jinsi tunavyokijua, kilikuwa nyenzo ya kumwezesha mgeni kumpima mgeni. Wanaosema kwamba tathmini ya mbali inaharibu mtihani wa asili wamesahau kuwa mtihani wa asili hiyo ulienezwa duniani na chuo kilichotahini watu wasiokaribia malango yake.

Nyenzo hiyo ilifanya mema mengi, na ingekuwa utovu wa shukrani kuyaficha. Rasi ya Tumaini Jema ilianzisha mwaka 1873 chuo kikuu cha kutahini kwa mfano wa London; ndicho kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, nacho tangu mwaka 1946 kikafundisha kwa posta. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa chuo hicho mwaka 1989, angali mfungwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliotekwa na Wajerumani walipelekewa vitabu, wakafanya mitihani ya London ndani ya kambi za mateka. Makerere iliingia katika uhusiano na London mwaka 1949. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kilifunguliwa chini ya shahada za London. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kikiongozwa na Profesa Geoffrey Mmari, kilifuata njia hiyo hiyo: mwanafunzi alisoma akiwa kwake, lakini siku ya mtihani alisafiri hadi kituo cha mkoa na kuketi mbele ya msimamizi. Masomo yalikuwa ya mbali. Mtihani haukuwa wa mbali.

Kanisa nalo lilijaribu njia nyingine. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala, ilipoona kwamba wahitimu wake wengi hawarudi kuchunga makutaniko ya vijijini, iliacha kuwaita wanafunzi waje bwenini, ikawatuma walimu waende kwao. Hiyo ndiyo iliyoitwa elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, iliyoenea Afrika katika miaka ya 1970, nasi wengine tumefundisha katika mpango wa namna hiyo. Mara nyingi watu hukumbuka vile vitabu vyake vya kujifunzia vyenye maswali na nafasi za kujaza, wakasahau nguzo yake ya pili, yaani mkutano wa kila juma wa mwalimu na kundi dogo. Mwalimu aliyekaa na mwinjilisti juma baada ya juma, akamsikia akibishana na wenzake juu ya Waraka kwa Warumi, hakuhitaji lakiri ili kujua amefika wapi. Pale mkutano huo ulipokufa kwa kukosa nauli, kilichobaki kilikuwa kitabu na cheti.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2020. Kwetu Tanzania vyuo vilifungwa hadi tarehe 1 Juni mwaka huo, na mitihani ikarudi vyumbani. Wenzetu wa Kenya walikaa muda mrefu zaidi, na vyuo vingi vikalazimika kufundisha na kutahini kwa mtandao. Oxford iliwapa wanafunzi mitihani ya vitabu wazi majumbani mwao. Na Chuo Kikuu cha London, kile kile cha mwaka 1858, kiliweka kando vituo vyake ulimwenguni na kuwatahini watu wake kwa kompyuta.

Vyuo vilivyoogopa udanganyifu vilinunua programu za kumwangalia mtahiniwa kwa kamera, kufuata macho yake na kukagua chumba chake. Huu ulikuwa ni msimamizi yule yule wa mwaka 1858 aliyebadilishiwa vazi, ila sasa aliingia hadi chumba cha kulala. Wanafunzi wenye ngozi nyeusi walilalamika kwamba programu nyingine hazikuzitambua nyuso zao. Mwezi Agosti 2022 mahakama moja ya shirikisho katika jimbo la Ohio, Marekani, iliamua kwamba chuo cha umma kukagua chumba cha mwanafunzi kwa kamera kabla ya mtihani kulikiuka katiba. Njia nyingine ilikuwa kumpa mwanafunzi insha ya kuandika kwa siku kadhaa na kumwamini. Njia hii ilikuwa na heshima zaidi, na tuliipenda. Lakini tarehe 30 Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma, na tangu siku hiyo insha iliyofika kwa mtandao haiwezi peke yake kumshuhudia mwandishi wake.

Hapa tunapaswa kuungama. Katika kozi moja ya cheti tunayoifundisha kwa mbali, tulipokea insha juu ya Wagalatia sura ya 3 iliyoandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka mno, na hoja zikifuatana kama mawe ya ukuta. Mwandishi wake ni mwinjilisti wa mtaa ulio mbali na barabara ya lami. Tukasema moyoni kwamba hii si kazi yake. Tulikuwa tumekwisha kuandika alama ya sifuri kwa kalamu nyekundu, ndipo tukaona vema kumpigia simu. Ilikatika mara tatu, akapanda kilimani kutafuta mtandao. Tukamwuliza kwa nini Paulo anaishikilia ahadi aliyopewa Ibrahimu kuliko torati. Alieleza kwa dakika ishirini na zaidi, akatupinga mahali pawili, na mahali pamoja alikuwa na haki. Mwisho aliuliza kwa upole, “Mchungaji, kuna kosa katika kazi yangu?” Hatukumwambia habari za ile sifuri. Tunaiandika hapa.

Kwa kuona haya tuliamua kuwapigia na wengine wote. Mmoja wao, ambaye insha yake ilikuwa ya wastani, yenye makosa ya kawaida, na hivyo haikutushtua hata kidogo, hakuweza kueleza neno “kuhesabiwa haki” lililokuwa katika kichwa cha kazi yake mwenyewe. Alikuwa amebakiza muhula mmoja tu apendekezwe kwa usharika wake. Paulo anamwagiza Timotheo kwamba mashemasi wajaribiwe kwanza ndipo wahudumu, nasi tulikuwa karibu kumpitisha mtu huyu kwa sababu tu hakuandika vizuri kupita kiasi. Jicho letu, ambalo miaka mingi ya kusahihisha imelitia kiburi, lilikosea pande zote mbili.

Tangu wakati ule hatutoi alama kwa insha peke yake. Mwanafunzi aandike nyumbani, atumie vitabu, hata akisaidiwa na mashine atuambie. Kisha aitetee kwa sauti. Kwa namna fulani tumerudi kwa Franz Günther, ambaye hakuna aliyemwuliza nani aliandika hoja zake. Wale mama wanaonyonyesha na wainjilisti wasioweza kuacha mitaa yao kwa majuma mawili ya mtihani wanabaki wanafunzi wetu. Gharama yake inajulikana. Muhula huu tunao wanafunzi 38. Dakika 15 kwa kila mmoja ni saa tisa na nusu, bila kuhesabu simu zinazokatika, na muda wa maongezi tunaununua wenyewe. Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa hakiwezi kufanya hivyo pasipo kuongeza walimu, na hatuoni sababu ya kudai kwamba kinaweza.

Mwenzetu mmoja ametupa pingamizi ambalo bado hatujalijibu. Anasema tumelirudisha kosa lile lile Wachina walilolifunika kwa karatasi: tunamsikia mtahiniwa lafudhi yake, tunajua ametoka wapi na ni mtoto wa nani, naye mwenye haya mbele ya wakubwa ataonekana mjinga. Ana haki. Tumemwomba mchungaji wa dayosisi nyingine, asiyewajua wanafunzi wetu, awe anasikiliza katika simu na kutoa alama zake kando, bila kuziona zetu. Amekubali kwa muhula huu mmoja. Kwa watu tisa wa kwanza, alama zake na zetu zimepishana kwa watatu, na kwa wote watatu sisi ndio tuliotoa alama ya juu.