Posho, muhogo na chumvi: akili ya mtoto inaanzia wapi?



Kila mara tunapozungumzia masomo ya watoto, swali moja linarudi: kwa nini huyu anashika na yule hashiki? Kuna wanaosema ni uvivu, kuna wanaosema ni ukoo, na hapakosi mtu wa kutaja uchawi. Mimi nilisomea historia, si udaktari, kwa hiyo nitajibu kwa historia. Na historia ya Congo iko na jibu moja ambalo wengi hatukulisikia darasani: kwa watoto wengi wa nchi hii, shida ilianza mbele ya kuzaliwa, kwenye sahani ya mama. Tena mama mwenyewe hakuwa na kosa.

Tuanzie hapa kwetu. Ninaandika nikiwa Golf, lakini bankambo wa wengi wetu walipitia kambi za Union Minière. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906, na miaka ya kwanza ilitaka mwanaume peke yake: aje kwa mkataba mfupi, achimbe, arudi kwao, kama magonjwa hayakumuua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza siasa yake. Ikaita na mke, ikampa posho, ikawapa na watoto. Dokta Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliieleza kwa maandishi mwaka 1946. Hesabu ilikuwa wazi: mtoto anayelelewa vizuri kambini njo mfanyakazi wa kesho.

Mama mwenye mimba akapimwa, akazaa kwenye maternite ya kampuni, mtoto akapandishwa kwenye mizani. Tuseme ukweli, watoto wengi waliokoka. Lakini angalieni kilichokuwa kinapimwa: kilo. Mizani inakuambia mtoto ananenepa. Haikuambii ubongo wake unajengwa namna gani. Na kuhusu kunyonyesha, wazungu wengi wa wakati ule, wa misheni na wa makampuni, hawakupenda desturi ya mama kunyonyesha miaka miwili au mitatu bila kushika mimba nyingine. Walitaka muda ufupishwe ili watoto waongezeke. Hesabu ya watu ilitangulia.

Swali la ubongo lilipata jibu mbali na migodi, kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960, watafiti waliokuwa na kituo jirani pale Lwiro walikuta watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa shingo. Mbaya zaidi, walikuta watoto waliozaliwa na akili nzito, wengine hawasikii wala hawasemi vizuri, wengine wafupi kupita kiasi. Sababu ya kwanza ilijulikana tayari: udongo wa kule hauna iodini ya kutosha, basi chakula nacho hakina. Mwili unatumia iodini kutengeneza homoni ya tezi ya shingo, na bila homoni hiyo ubongo wa mtoto tumboni haujengeki sawasawa. Miezi ya kwanza ya mimba, mtoto hana homoni yake hata kidogo. Anategemea ya mama.

Lakini Idjwi ilikuwa na fumbo. Iodini ilipungua kisiwa kizima, ila rovu ilijaa kaskazini, na kusini-magharibi ilikuwa kidogo. François Delange na mwenzake Ermans walitoa maelezo yao mwaka 1971: watu wa kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi. Muhogo usiolowekwa vizuri unabaki na sumu ya sayanidi. Mwili unaigeuza sumu hiyo kuwa kitu kingine kinachoitwa thiosayaneti, nacho kinaizuia tezi kushika ile iodini kidogo iliyopo. Basi mama anakula, anashiba, na mtoto tumboni anakosa. Njaa ya namna hiyo haionekani kwa macho.

Mwaka huo huo wa 1971 habari nyingine ilitoka Papua New Guinea. Kule, tangu mwaka 1966, familia fulani zilipigwa sindano ya mafuta yenye iodini na nyingine hazikupata iodini. Ikaonekana kwamba sindano ilimkinga mtoto kama mama aliipata mbele ya kushika mimba. Akiipata wakati mimba imeshaendelea, yale maumbile mabaya kabisa hayakuzuilika sawasawa. Kwetu, utafiti uliendelea Ubangi, kaskazini mwa nchi, ambako mama wenye mimba walipewa mafuta hayo. Mwaka 1980 kikatoka kitabu kizima juu ya muhogo na rovu, na mmoja wa waliokihariri ni Mkongomani, Mbulamoko. Ndugu zangu, mambo ambayo dunia inayajua leo juu ya muhogo, iodini na akili ya mtoto, sehemu kubwa ilisomwa kwenye miili ya mama zetu. Ni haki tuijue.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi na ya zamani. Uswisi ilianza kutia iodini kwenye chumvi tangu mwaka 1922. Kwetu chumvi hiyo ilienea katika miaka ya 1990, hata nchi ilipokuwa inayumba. Karibu miaka sabini katikati! Hesabuni wenyewe vizazi vilivyopita hapo.

Sasa kwa nini ninayaleta haya Lubumbashi, mji wa bukari ya mahindi? Kwa sababu bei ya unga ikipanda, muhogo unaingia kwenye sufuria, hata kwa watu walioapa hawaugusi. Muhogo si adui. Bankambo walijua kuuloweka siku tatu au nne na kuuanika vizuri juani. Hatari iko kwenye haraka, pale siku hizo zinapokatwa kwa sababu watu wana njaa au soko linangoja. Na bukari inayokuja bila maharagwe wala samaki inaunyima mwili vitu vya kupigana na ile sumu.

Kuna na chumvi. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku, kuliko mtu mzima mwingine anayehitaji 150, maana ile ya mtoto inapitia kwake, kwanza kwa damu, halafu kwa maziwa. Hakuna haja ya kuongeza chumvi kwenye chakula. Kinachohitajika ni chumvi yenyewe iwe na iodini. Ile inayopimwa kwa kikombe sokoni, imekaa wazi kwenye jua na unyevu, inaipoteza polepole. Nunueni iliyofungwa, iwekeni kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto.

Na wanaume wa ukurasa huu, hili linatuhusu sana. Habari ya Papua New Guinea inatufundisha kwamba muda wa maana zaidi ni mbele ya mimba na miezi yake ya kwanza, wakati tumbo halijaonekana na hakuna aliyeambiwa kitu. Mwenye kushika feza ya soko njo mwenye kuchagua chumvi. Kungoja mtoto afike darasa la tatu, halafu kumuuliza mama yake amezaa nini, ni kuchelewa miaka kumi, na ni kumuuliza mtu asiyehusika.