Watoto wa kinyonga: somo la mwaka 1972

Ndugu mkulima, kabla hujawatia watoto wa kinyonga kwenye boksi uwafuge au umuuzie mnunuzi anayepita kijijini, soma kisa hiki.

Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwani Oahu, Hawaii, aliagiza kutoka Kenya vinyonga wa pembe tatu, jamaa wa hawa wetu wa Mlima Meru. Walifika wamedhoofu, akawaachia bustanini wapate nguvu. Walitawanyika, wakazaliana. Wapo huko hadi leo, na wanakula konokono na wadudu wa asili wa visiwa vile.

Kwa nini walistawi? Kinyonga huyu hatagi; huzaa watoto hai, na mama hawalei. Bustani iliwapa kivuli, ubaridi, matone ya maji kwenye majani na wadudu wadogo wanaoingia mdomoni. Boksi halina hayo. Kisahani cha maji hakimsaidii mtoto. Yeye hulamba matone.

Kenya ilizuia kuwauza nje mwaka 1981. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Kwa hiyo ukiwakuta shambani, waache kichakani. Hawana sumu, na wanakula wadudu. Kuwakamata bila kibali ni kosa.